USB imegoma kwenye kompyuta ya Linux? Soma hapa kabla ya kumlipa fundi

Flashi yenye ripoti ya kazi imechomekwa kwenye laptop, taa yake haiwaki na kwenye skrini hakuna kinachotokea. Inahamishiwa tundu la pili, kimya kilekile. Mausi nayo ikijaribiwa, imegoma.

Hapo wengi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kupeleka mashine kwa fundi wakijiandaa kuambiwa mazabodi imeungua, au kuiformati flashi kwenye kompyuta nyingine wakidhani yenyewe ndiyo mbovu. La kwanza linaweza kula pesa bure. La pili linaweza kufuta ripoti yenyewe.

Kwa anayetumia Linux, iwe Ubuntu, Mint, Debian au Fedora, kuna njia ya kupata ukweli kabla ya kufanya lolote. Mfumo huu huandika yanayotokea tangu kifaa kinapogusa tundu. Kazi iliyobaki ni kusoma mistari michache na kujua safari imekwamia wapi.

## Safari ina vituo vinne

Kila kifaa cha USB kikichomekwa hupita hatua nne, moja baada ya nyingine.

1. Umeme. Tundu linatoa umeme wa volti 5. Tundu la USB 2.0 linaruhusiwa kutoa hadi miliampia 500, na la USB 3.0 hadi miliampia 900.

2. Kujitambulisha. Kompyuta inakiuliza kifaa wewe ni nani, nacho kinajibu kwa namba zake.

3. Draiva. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inatafuta programu ndogo ya kukiendesha kifaa hicho.

4. Mafaili. Kama ni flashi au diski, mfumo unafungua mpangilio wa mafaili yaliyomo.

Mtumiaji aliyekwama kituo cha 1 na yule wa kituo cha 4 wote watasema "USB haifanyi kazi". Lakini wa kwanza huenda anahitaji fundi, na wa pili anaweza kujitibu mwenyewe kwa amri moja.

## Kwanza, vipimo visivyohitaji amri

Jaribu kifaa kwingine. Chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine. Simu nyingi za Android pia husoma flashi kwa kutumia kiunganishi cha OTG. Ikisomeka, nakili ripoti hapo hapo kabla ya kuendelea. Sasa hata mambo yakiharibika, kazi iko salama.

Badilisha waya. Kwa simu, printa na diski za nje, waya ndio mshukiwa wa kwanza. Zipo waya zenye nyuzi za umeme tu, zisizo na nyuzi za data. Zinachaji simu vizuri kabisa, lakini kompyuta haiwezi kuiona simu hiyo.

Toa habu. Kama kifaa kinapitia habu, kichomeke moja kwa moja kwenye mashine. Habu isiyo na chaja yake inagawa umeme wa tundu moja kwa vifaa vyote, na diski ya nje inaweza kukosa nguvu ya kuzunguka.

Mulika ndani ya tundu. Tumia tochi ya simu. Tundu la kawaida la USB 2.0 lina pini nne, na la USB 3.0 limeongezewa tano nyuma yake. Vumbi, nyuzi za mfukoni au pini iliyopinda vyote vinaonekana kwa macho. Zima mashine, toa chaja, kisha safisha kwa hewa ya kupuliza au kijiti kikavu cha mbao. Sindano na pini za chuma hapana, maana zinaweza kuunganisha pini mbili na kuleta shoti.

Ingia BIOS. Hiki ndicho kipimo chenye majibu makubwa. Chomeka kibodi ya USB, washa kompyuta, kisha bonyeza kitufe cha kuingia kwenye BIOS. Mara nyingi ni F2, Delete, F10 au Esc, kutegemea aina ya mashine. Hapo Linux bado haijawaka. Kama kibodi inafanya kazi ndani ya BIOS lakini inakufa Linux ikishawaka, tundu ni zima na tatizo liko kwenye programu. Kama imegoma hata huko, angalia kwenye menyu hiyo hiyo kama matundu ya USB yamezimwa. Kama hayajazimwa, shaka inahamia kwenye chuma.

## Amri ya kwanza ya kuijua

Fungua Terminal. Kwenye Ubuntu na Mint ni Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Toa flashi, kisha andika:

`sudo dmesg -w`

Mfumo utaomba nywila. Herufi zake hazionekani wakati unaandika, hiyo ni kawaida. Maandishi mengi yatapita, yatatulia, na dirisha litabaki wazi likisubiri. Sasa chomeka flashi na uangalie mistari mipya inayotokea chini. Tundu likiwa na afya, mistari hufanana na hii:

`usb 1-2: new high-speed USB device number 7 using xhci_hcd`

`usb 1-2: New USB device found`

`usb-storage 1-2:1.0: USB Mass Storage device detected`

`sd 2:0:0:0: [sdb] Attached SCSI removable disk`

Ndiyo vituo vinavyopitwa. Mstari wa kwanza unasema kifaa kimehisiwa. Wa pili, kimejitambulisha. Wa tatu, draiva imepatikana. Wa nne, kimepewa jina, hapa ni `sdb`. Kutoka kwenye dirisha hilo, bonyeza Ctrl na C.

Kuna jambo dogo kwenye mstari wa kwanza. Neno `high-speed` maana yake ni kasi ya USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde. `SuperSpeed` ni USB 3.0 yenye gigabiti 5. Flashi ya USB 3.0 ikichomekwa kwenye tundu la USB 3.0 na bado ikaandikwa `high-speed`, huenda zile pini tano za ziada hazigusani vizuri. Tundu halijafa, linafanya kazi nusu tu. Safisha kwanza.

## Mistari ya makosa na maana yake

Hakuna mstari wowote. Umeme haufiki, waya hauna data, tundu limekatika, au kidhibiti cha USB kimelala fofofo.

`device descriptor read/64, error -71` au `error -110`. Kifaa kimehisiwa lakini mazungumzo yamevurugika. Namba -71 ni hitilafu ya mawasiliano, na -110 ni kusubiri jibu mpaka muda ukaisha. Mara nyingi hufuatwa na `unable to enumerate USB device`. Shuku waya, uchafu, umeme mdogo au kifaa chenyewe, kwa mpangilio huo.

`over-current condition`. Kuna kinachovuta umeme kupita kiwango, na kompyuta imekata ili isiungue. Chomoa kila kitu, angalia pini zilizogusana. Shoti kwenye tundu moja inaweza kuzima na majirani zake.

`xHCI host controller not responding, assume dead` ikifuatiwa na `HC died; cleaning up`. Ujumbe huu unatisha, ila anayetajwa kufa hapa ni kidhibiti, ile chipu inayosimamia matundu. Kimeacha kujibu, na Linux imekitoa kazini. Ndiyo maana matundu kadhaa hufa kwa mpigo. Mara nyingi kinaweza kuamshwa.

`I/O error, dev sdb`. Tundu halina kosa hapa. Flashi au diski yenyewe ndiyo inashindwa kusoma. Acha majaribio, nakili unachoweza mara moja.

## Matundu yote yamekufa kwa pamoja

Dawa ya kwanza haihitaji ujuzi. Zima kompyuta kabisa, siyo kuilaza. Chomoa chaja na kila kifaa. Kama betri inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30, kisha rudisha kila kitu na uwashe. Hii inamaliza chaji iliyobaki kwenye saketi, na kidhibiti kilichokwama kinaanza upya.

Kama kuzima hakuwezekani kwa wakati huo, kidhibiti kinaweza kuanzishwa upya mashine ikiwa inaendelea na kazi. Kwanza tafuta anwani yake:

`lspci | grep -i usb`

Kwenye mashine nyingi za Intel jibu huanza na `00:14.0`. Ongeza `0000:` mbele yake, kisha:

`sudo sh -c 'echo -n 0000:00:14.0 > /sys/bus/pci/drivers/xhci_hcd/unbind; sleep 2; echo -n 0000:00:14.0 > /sys/bus/pci/drivers/xhci_hcd/bind'`

Amri imewekwa kwenye mstari mmoja kwa makusudi. Hatua ya kwanza inazima matundu yote ya kidhibiti hicho, kibodi ya USB ikiwemo. Anayeandika hatua mbili kando kando atajikuta hana kibodi ya kuandikia ya pili. Kamera na Bluetooth pia zinaweza kupotea kwa sekunde chache, kwa sababu kwenye laptop nyingi zimeunganishwa kwa USB kwa ndani. Kama Linux yenyewe inaendeshwa kutoka kwenye flashi au diski ya nje, usitumie amri hii kabisa.

Na kama `lspci` haionyeshi kidhibiti chochote cha USB, rudi BIOS. Ama kimezimwa huko, ama chipu imeharibika.

## Inafanya kazi, kisha inalala

Mausi inakwama kila ikiachwa sekunde chache. Modemu inakatika katikati ya kazi. Ukichomoa na kuchomeka, inarudi. Dalili hizi zinaelekeza kwenye kuokoa umeme.

Linux ina uwezo wa kulaza kifaa cha USB kisichotumika, na muda wa kawaida wa kusubiri ni sekunde 2. Kwa kawaida kerneli haivilazi vifaa vingi kwa hiari yake. Programu za kutunza betri, kama TLP na powertop, ndizo huwasha tabia hiyo, na kuna vifaa visivyojua kuamka.

Kwa kipimo cha haraka, andika:

`echo -1 | sudo tee /sys/module/usbcore/parameters/autosuspend`

Kisha chomoa kifaa na ukichomeke tena. Kikitulia, mchawi amepatikana. Mabadiliko haya yanafutika mashine ikizimwa. Anayetumia TLP afungue faili la `/etc/tlp.conf`, aweke `USB_AUTOSUSPEND=0`, kisha aandike `sudo tlp start`. Asiyetumia TLP afungue `/etc/default/grub`, aongeze `usbcore.autosuspend=-1` ndani ya alama za kunukuu za mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, kisha aandike `sudo update-grub` na kuwasha upya. Amri hiyo ya mwisho ni ya Ubuntu, Mint na Debian. Betri itaisha haraka kidogo, na hiyo ndiyo bei yake.

## Ilianza baada ya apdeti

Tatizo lililotokea siku ile ile ya kuapdeti lina maelezo mawili ya kawaida.

La kwanza: kerneli mpya imeshawekwa, lakini mashine haijawashwa upya. Kwenye Arch Linux hili hutokea sana, kwa sababu apdeti huondoa draiva za kerneli ya zamani wakati bado inatumika. Kifaa kikija na draiva yake haijapakiwa bado, hakuna pa kuitoa. Linganisha majibu ya amri hizi mbili:

`uname -r`

`ls /lib/modules`

Kama namba ya kwanza haimo kwenye orodha ya pili, washa upya tu. Ndiyo dawa yote.

La pili: kerneli mpya ina kasoro kwa mashine hiyo. Ubuntu na Mint hutunza kerneli ya awali. Wakati wa kuwasha, shikilia Shift au gonga Esc, chagua `Advanced options`, kisha kerneli ya zamani. USB ikifufuka, tumia hiyo mpaka apdeti nyingine itoke.

Na wapo wanaoamini Linux na USB hazielewani tangu zamani. Historia inasema tofauti. Draiva ya vidhibiti vya USB 3.0, iliyoandikwa na Sage Sharp akiwa Intel, iliingia kwenye kerneli 2.6.31 mwaka 2009, na Linux ikawa mfumo wa kwanza kuikubali USB 3.0.

## Kompyuta ya ofisi: mausi sawa, flashi hapana

Kama mausi na kibodi zinakubali lakini flashi zote zinakataliwa, huenda hakuna kilichoharibika. Wasimamizi wa mitambo hufunga flashi ili data isitoke na virusi visiingie. Angalia:

`grep -r usb-storage /etc/modprobe.d`

Mstari wenye `blacklist usb-storage` au `install usb-storage /bin/true` unaonyesha draiva imezuiwa. Programu ya USBGuard nayo hufanya kazi kama hiyo, kwa kukubali vifaa vilivyoorodheshwa tu. Kwenye mashine yako binafsi, unaweza kuondoa kizuizi. Kwenye ya mwajiri, muulize mtu wa IT kwanza. Kujifungulia mwenyewe kunaweza kukuletea barua.

## Tundu zima, mafaili hayaonekani

Hapa ndipo data za watu hupotelea. Mistari yote minne imetokea, lakini folda haifunguki. Andika:

`lsblk -f`

Kama flashi inaonekana kwenye orodha, USB imemaliza kazi. Kilichobaki ni mafaili, na kuformati siyo hatua ya kwanza.

Kama diski ni ya NTFS na ilitumika kwenye Windows, huenda Windows haikuiachia vizuri, ama kwa kuchomolewa ghafla au kwa sababu mashine ilizimwa ikiwa na `Fast Startup`. Irudishe kwenye Windows, itoe kwa utaratibu, kisha ujaribu tena.

Kama ni exFAT na kompyuta ina Linux ya zamani, kumbuka kwamba exFAT iliingia ndani ya kerneli kuanzia toleo 5.4, la mwaka 2019. Kabla ya hapo ilihitaji programu ya ziada.

Njia salama ya kuchungulia ni kuifungua kwa kusoma tu, bila kuandika chochote juu yake:

`sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt`

Badilisha `sdb1` kwa jina lililoonekana kwenye `lsblk`, na ulihakiki mara mbili. Mafaili yakionekana ndani ya `/mnt`, yanakili yote. Kama mistari ya `I/O error` inaendelea kutokea, programu ya ddrescue inaweza kuvuna sehemu zinazosomeka na kuruka mbovu. Kuformati kufuate baada ya hapo, siyo kabla.

## Lini sasa kwenda kwa fundi

Nenda kama tundu limegoma hata ndani ya BIOS, kama `over-current` inarudi bila kifaa chochote kuchomekwa, kama tundu limelegea na kuyumba, au kama mashine ilimwagikiwa kimiminika. Ikimwagikiwa, zima mara moja na usifanye kipimo chochote cha hapo juu.

Ukifika, mweleze fundi vipimo vilivyofanyika na majibu yake. Kisha uliza swali moja kabla ya kukubali bei: tundu hili limechomelewa kwenye mazabodi, au liko kwenye kibao chake? Laptop nyingi zina matundu ya upande mmoja kwenye kibao kidogo kinachounganishwa kwa waya bapa. Hicho hubadilishwa peke yake, bila kugusa mazabodi. Kwenye kompyuta za mezani, matundu ya mbele huunganishwa kwa waya ndani ya boksi, na waya huo unaweza kuwa umechomoka tu. Na hata matundu ya nyuma yakifa, kadi ya USB ya kupachika kwenye nafasi ya PCIe inaongeza mapya.

Piga picha ya mistari ya `dmesg` kwa simu kabla hujatoka nyumbani. Fundi makini ataisoma. Asiyetaka hata kuitazama na tayari anataja bei ya mazabodi, tafuta mwingine.